Lugha Mbili Ulizofuta

Mwanangu Zuhura,

Salamu nimezibakiza za kesho asubuhi, maana bado tupo nyumba moja, na ni ujinga kumwamkia kwa barua mtu uliyekunywa naye chai leo. Ninaandika hapa kibandani kwangu Chuno, mjini Mtwara, nimekaa juu ya gunia la makopa ya muhogo, jua la alasiri linanipiga mgongoni. Wewe na mama yako mmekwenda Chikongola kutafuta viatu vyeusi visivyopiga kelele ukitembea. Ukiona mahali mstari umekatika, jua alikuja mteja kubishana na mimi kwamba mihogo ya mwaka jana ilikuwa mikubwa zaidi.

Habari za kula njiani, za kutomwachia mtu begi, za kupiga simu ukifika Dodoma kwenye usaili, mama yako anazo za kutosha na sitaki kumnyang'anya kazi. Mimi nina jambo moja tu, na tangu juzi nimekuwa nalo kama mwiba wa unyayo.

Juzi ulinituma steshenari nikuchapishie wasifu wako. Nakala nne, ukasema, na usizikunje Baba. Nilipofika, yule dada akafungua kompyuta yake akaniuliza, "Mzee, nichape ule wa zamani au huu mpya? Huu mpya kapunguza lugha." Nikamwambia achape mpya, ndio niliotumwa. Kisha nikasimama palepale mlangoni nikausoma. Jina lako. Chuo chako. Stashahada yako ya uuguzi. Zahanati uliyojitolea mwaka mzima na miezi juu yake bila kupewa hata kipande cha sabuni. Nikafika kwenye lugha. Kiswahili. Kiingereza. Basi.

Kimakonde kimekwenda wapi, Zuhura? Na Kireno je, ambacho hapa nyumbani ukikiongea mimi hubaki nimetoa macho kama mbuzi msikitini?

Najua vilikokwenda. Mama yako ameniambia kwamba ni ushauri wa Rehema, rafiki yako. "Futa hizo, shoga. Wakiona Kireno watajua una watu ng'ambo ya mto Ruvuma, wataacha kukuuliza uuguzi waanze kukuuliza uraia. Nafasi zenyewe kiduchu, watu kama siafu, na wewe unataka kuwapa sababu ya kukutoa?" Simlaumu Rehema. Naye amekaa mtaani na cheti chake kama ulivyokaa wewe, kila akiomba anaambiwa asubiri, na mtu akifungiwa milango mingi mno huanza kujikagua mwenyewe kutafuta kasoro. Wala wewe sikulaumu. Nimekasirika, hilo sikatai, usiku wa juzi nilikataa hata kula. Lakini hasira yangu haielekei kwako. Mkono uliofuta ni wako, woga ni wangu. Katika nyumba hii mimi ndiye niliyetangulia kufuta, na sikufuta maneno kwenye karatasi. Nilimfuta mama yangu.

Wewe uliambiwa kwamba bibi yako alivuka mto kwenda kukaa na ndugu zake kwa sababu aliwakumbuka. Ndivyo tulivyokubaliana kusema, mimi na mama yako. Sasa soma ilivyokuwa.

Ulikuwa darasa la tano, tunaishi kijijini Mahurunga. Zilikuwa siku zile za habari za gesi, mji wa Mtwara umevimba matumaini. Watu walipaka nyumba rangi wapate wapangaji, waliokuwa na baiskeli wakaota magari. Kampuni moja ya wakandarasi ikatangaza kazi, na mimi nikaomba usaidizi wa ghala. Tulikuwa wengi mno. Tulipanga foleni siku nzima kupeleka bahasha. Jina langu likatoka kwenye orodha ya wanaofikiriwa, tukaambiwa atakuja mtu kijijini kuhakiki, kwa sababu kampuni inataka wazawa wa hapahapa. Ikasemwa, na mpaka leo sijui aliyesema ni nani, kwamba mwenye asili ya ng'ambo anakatwa.

Mimi nimezaliwa Mahurunga. Baba yangu kazaliwa Mahurunga. Hakuna sheria iliyonigusa. Lakini bibi yako alivuka akiwa msichana, akikimbia vita vya kule kwao, akaolewa na babu yako, akalima mikorosho hii mpaka akazeeka, na uso wake una zile chale za nembo ambazo huwezi kuzivalia ushungi zikafichika. Akifungua mdomo, hata kipofu anajua katokea wapi. Mimi nikafikiri: mhakiki akija akamkuta huyu barazani, nimekwisha.

Nikamwendea jikoni. Alikuwa anatwanga. Nikamwambia, "Mama, vuka kidogo ukawasalimie ndugu zako. Siku tatu tu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Kuna harusi?"

"Hakuna, Mama. Salamu tu."

Akaacha mchi ndani ya kinu, akanitazama. "Kama ni salamu, siku tatu nyingi. Kama ni kuhama, mbona hukuniambia nibebe kinu changu?"

Akafunga nguo zake kwenye kanga, akaondoka na mtumbwi wa asubuhi. Alijua, Zuhura. Mambo ya wahakiki yalikuwa yanazungumzwa kijiji kizima. Alijua anafukuzwa na kwa sababu gani, akaondoka bila kelele ili mwanawe apate kazi.

Mhakiki alikuja siku ya pili. Alikaa na mwenyekiti wa kijiji muda wa kunywa dafu moja. Baada ya wiki nilimuuliza mwenyekiti yule bwana aliuliza nini, akacheka mpaka akashika ubavu. "Aliuliza kama unakunywa pombe. Nikamwambia hunywi. Akauliza kama umewahi kuiba. Nikamwambia sijasikia. Akaaga." Habari za mama yangu hakuziuliza kabisa. Hakuna aliyeziuliza.

Nilipata kazi. Siku tatu zikapita na sikwenda kumchukua. Nilijiambia kwanza nianze, kwanza nizoeleke, kwanza mwezi upite. Unaona kazi iliyopatikana kwa kuficha ilivyo? Haitaki ufiche siku moja ya usaili tu. Inataka ufiche kila siku unayoingia getini. Mchana tukila, wenzangu walikuwa na mizaha yao juu ya watu wa ng'ambo, wanavyoongea, wanavyochanja nyuso. Nami nilicheka. Nilicheka kuliko wao ili asije mtu akaniangalia mara mbili. Kuna siku niliigiza hata matamshi ya mama yangu, wakapiga makofi.

Sasa lile ambalo mama yako peke yake analijua.

Mwezi wa tano wa kazi, mlinzi akaniita kwamba kuna bibi ananiulizia. Nikatoka na wenzangu wawili, tulikuwa tunakwenda kula. Bibi yako alikuwa amesimama getini na kikapu cha ming'oko. Alikuwa ameichimba mizizi hiyo porini kwa mikono yake, ameichemsha na kuitia chumvi kama nilivyoipenda tangu mtoto, akavuka mto, akapanda gari mpaka mjini, akauliza njia kwa Kiswahili chake kile mpaka akafika. Mwenzangu mmoja akauliza, "Nani huyu?"

Nikasema, "Muuza ming'oko."

Alisikia. Nilimwona akisikia. Na unajua alifanya nini? Alisimama wima, akaweka kikapu chini, akaanza kuita kama mchuuzi wa miaka mingi. "Haya karibuni, ming'oko, ming'oko mitamu! Onjeni. Leo ya kuonja, kesho mtanunua!" Akawagawia wenzangu. Akamgawia mlinzi. Aliponifikia akachagua mmoja mnene, akaniwekea mkononi, akasema, "Chukua, bwana mkubwa." Halafu akajitwika kikapu akaenda zake.

Mama yangu aliulinda uongo wangu, mwanangu. Niliula ule mng'oko mbele ya watu.

Hakuja tena. Aliyekuja ni mjomba wangu, kaka yake. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. Alisema, "Sisi kwetu mtoto ni wa mama. Ukoo unafuata kwa mama, hilo unalijua tangu jandoni. Wewe umemvusha mama yako. Basi umejivusha mwenyewe. Huyu aliyebaki huku na kofia ya kampuni ni nani?"

Nikamtolea ukali, nikamwambia habari za kazi yeye hazijui. Miezi mitatu baadaye mradi ukasimama, geti likafungwa, tukarudishwa nyumbani na kofia zetu. Miezi minane kwa jumla. Nilimuuza mama kwa miezi minane na kofia, na kofia yenyewe jua liliipausha hata nembo ikapotea.

Ungedhani hapo nilivuka kumwomba radhi. Sikuvuka. Aibu ni kitu kibaya, mwanangu, ina kiburi kuliko tajiri. Aliyevuka ni wewe. Kila likizo mama yako alikupeleka, mimi najifanya nina kazi shambani. Ukarudi unaongea Kimakonde kilichonyooka kuliko changu, halafu ukaanza kurudi na Kireno cha sokoni, cha watoto wa jirani zake, unasema bondia, salamu yao ya asubuhi, hata saa za jioni. Ulikuwa unanirudishia nyumbani kile nilichokitupa, kidogo kidogo, wala hukujua.

Kisha kule ng'ambo kukachafuka kwa vita, watu wakaanza kukimbia vijiji. Nilikuwa nimekaa uani siku bibi yako alipotokea, na kifurushi cha kanga kama kile alichoondoka nacho. Wewe ulikuwa chuoni. Hakunisalimia. Alisema, "Nimerudi. Kinu changu kiko wapi?" Nikamwonyesha. Akakigonga kidogo kwa kiganja, akaangalia kama kimepasuka. Kisha akaniuliza, "Na safari hii utanificha wapi?"

Nikasema, "Sikufichi, Mama."

Akasema, "Tutaona."

Na hapo ndipo tulipokomea, mimi na yeye, mpaka leo. Tunakula sinia moja, tumehamia Chuno pamoja, namnunulia dawa za macho. Lakini hilo neno lake liko pale pale, bado anangoja kuona.

Sasa rudi kwenye wasifu wako. Unakumbuka siku ile zahanati, nilipokuletea chakula cha mchana? Yule mama wa ng'ambo aliingia anakimbia na mtoto mgongoni, mtoto analegea. Anaongea haraka, analia, hakuna anayemwelewa, hata mimi na Kimakonde changu kilichopinda. Wenzako wakadhani mtoto kala kitu kibaya, wakataka kumtapisha. Wewe ukaja kutoka chumba cha chanjo, ukamuuliza yule mama kwa Kimakonde, maneno mawili matatu, kisha ukapaza sauti, "Msimtapishe! Kanywa mafuta ya taa!" Mimi sikujua kwa nini. Baadaye ukanieleza kwamba mafuta yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu, na hapo mtoto anaondoka. Jioni yule mama alikushika mikono akakuita kwa jina la mama yake mwenyewe.

Zuhura, nionyeshe kwenye wasifu wako mahali palipoandikwa hilo. Umeandika unajua kutumia kompyuta. Umeandika unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo, sijui na nini, maneno ambayo hata Rehema ameyaandika, hata yule asiyejua sindano inashikwa upande gani ameyaandika. Kile ambacho watu wote watakaokaa na wewe kwenye yale mabenchi hawana, ndicho ulichokitoa. Unakwenda kushindana huku umejifunga mkono mmoja kwa kamba niliyoisokota mimi.

Sitakudanganya. Inawezekana Rehema yuko sahihi. Inawezekana kwenye meza ile akakaa mtu mwenye akili fupi, akaona Kireno, akakunja uso, na kazi ikaenda kwa mwingine. Sina koneksheni huko, wala simjui mtu wa kumpigia simu. Wapo watakaokuja na vimemo vya wajomba zao, na watakutazama viatu. Ninakiri soko la kazi ni gumu na sina dawa yake. Ninachokijua ni kimoja, na nimekilipia. Kazi usiyoipata kwa sababu ya mama yako haitakuamsha usiku. Ile niliyoipata kwa kumkana inaniamsha mpaka leo.

Kwa hiyo usiingie mle ndani umeinama kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Wakikuuliza uraia, cheti chako cha kuzaliwa kimo ndani ya bahasha hii ya vyeti vyako, na kitambulisho unacho. Waonyeshe, kisha waombe kwa adabu warudi kwenye uuguzi. Wakikuuliza umejifunza wapi Kireno, waambie kwa bibi yangu. Usiseme kozini. Wakikuuliza bibi yako ni mtu wa wapi, waambie ni mkulima wa korosho wa Mahurunga aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, uso wake una nembo, na ndiye aliyekufundisha kumsikiliza mgonjwa kabla ya kumgusa. Wasipopenda, wasipende. Hatukuzaliwa ili tupendwe na meza.

Nimetumia neno usiingie, usiseme, naona naanza kuhubiri. Mama yako angekuwepo angeniambia ninywe maji. Nimekunywa.

Leo asubuhi, ulipokuwa unapiga pasi, nilimuuliza bibi yako atavaa kanga ipi kesho tukikusindikiza stendi. Akasema haji. Magoti yanamuuma. Nikamtazama. Jana yale magoti yalimpeleka sokoni yakamrudisha na mzigo wa kuni kichwani. Nikakaa chini karibu na kinu chake, nikamwambia, "Mama, magoti hayaumi."

Akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Nimesikia mkizungumza na mkeo habari za karatasi. Mtoto anakwenda kutafuta kazi. Stendi ina watu, watakuwepo anaosafiri nao kwenye usaili huohuo. Mimi sitaki kumharibia."

Umeelewa? Safari hii hakuna aliyemtuma avuke. Amejificha mwenyewe, kwa ajili yako, kama alivyofanya kwa ajili yangu, na anaita magoti.

Ndipo nilipofanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya getini. Nilimwomba radhi. Nilimtajia kila kitu, siku tatu, kicheko, ming'oko, nikalia kama mtoto aliyeanguka kwenye mkorosho. Aliniacha nilie. Nilipomaliza alisema, "Sisi tunasema munu, nyie mnasema mtu. Ni yuleyule, anaona njaa, anaona aibu." Kisha akanikabidhi ungo nikapepete, eti mikono yangu imekaa bure. Sijui kama hiyo ndiyo radhi. Nimeipokea kama radhi.

Sasa nimefanya mambo mawili bila kukuuliza, na usinikasirikie sana.

La kwanza, nilirudi steshenari mchana. Ndani ya bahasha hii kuna nakala nne ulizonituma, za lugha mbili. Nyuma yake kuna nakala nne za ule wasifu wako wa zamani, wenye lugha nne. Sikuongeza hata nukta. Utazikuta usiku huu, maana najua utakagua vyeti mara tatu kabla ya kulala. Utakazotoa mezani huko Dodoma utachagua wewe, nami sitauliza. Nilimchagulia mtu mara moja na imetosha.

La pili, bibi yako anakuja stendi. Nimemwambia asipokuja nami siji, na mama yako kasema asipokuja na yeye haji, kwa hiyo utaondoka kama mtoto wa kuokotwa. Akacheka. Ameshatoa ile kanga yake nyekundu.

Unaijua sauti yake. Basi likianza kunguruma hatanong'ona. Atakuja mpaka chini ya dirisha lako, atakuita kwa jina na kukuombea kwa Kimakonde, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu toka ng'ambo ya mto, na stendi nzima itageuka. Abiria wenzako watamtazama uso wake, kisha watakutazama wewe kuona kama mnajuana. Patakuwa na kimya kidogo hapo. Nakijua kile kimya, nilisimama ndani yake getini nikiwa na mng'oko mkononi.

Mimi nitakuwa pembeni yake nimemshika mkono, na mtu yeyote akiniuliza nani huyu, nitamjibu kwa sauti kubwa kuliko injini kwamba ni mama yangu.

Fungua dirisha, mwanangu. Mwitikie.

Baba yako,
Saidi